Mvua ya Kwanza ni ya Paa

Siku ninayoanzia ilikuwa Jumamosi, na hakuna kilichotokea. Nimejaribu kuanza kwa moshi, nikafuta. Nikaanza kwa mishale, nikafuta tena. Anayeanza kwa moshi huwafanya watu wadhani tulizaliwa ndani yake. Sisi tulikuwa na Jumamosi kama watu wengine, na ninataka ionekane kwanza.

Tuliishi juu ya Molo, upande wa msituni, mahali ambapo hata saa sita mchana mtu havui sweta. Baba alilima waru, yaani viazi, na kuzipeleka Nakuru kwa lori la kukodi. Mama alikuwa na ng'ombe wawili, na Amosi, ndugu yangu mdogo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutamka maneno. Boma lilikuwa la Shosho, mama yake Baba, ambaye majirani walimwita Mama Pita, naye alikaa na kitinda mimba wake, Anko Dani. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, msichana wa kuogopa kila kitu, wa kutoka kitandani kwenda kuangalia tena kama mlango umefungwa. Bado niko hivyo.

Jumamosi hiyo wingu lilitokea juu ya msitu baada ya kiangazi kirefu. Tone la kwanza lilipogonga mabati, Shosho aliweka ungo wake chini, akavaa gambuti zake za mpira, akatoka mbio. Alilishika bomba linaloshusha maji kutoka kwenye gata, ule mfereji wa bati chini ya paa, akalichomoa kwenye mdomo wa tangi na kulielekeza kwenye nyasi. Maji yakamwagika ovyo. Kisha akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa kanisani wenye beti sita, na ndio uliokuwa saa yake. Paa likikaa kavu huokota kila kitu: vumbi la barabara, kinyesi cha ndege, majani ya saiprasi, masizi ya jikoni. Kwa hiyo mvua ya kwanza haikunywewa kwetu. "Mvua ya kwanza ni ya paa," Shosho alisema, kama mtu anayetaja haki ya mgeni. Mvua ikiwa kubwa, wimbo mmoja ulitosha. Ikiwa ya rasharasha, aliuimba mara mbili. Ubeti wa sita ukiisha ndipo bomba liliporudi mdomoni mwa tangi.

Ng'ambo ya ua, jirani yetu Mama Faith alikuwa amesimama vivyo hivyo kando ya tangi lake, gunia kichwani, akiimba wimbo uleule kwa lugha ya kwao. Sijui nani alimfunza mwenzake. Kila mmoja alidai ni yeye.

"Mama Pita!" Mama Faith alipaza sauti. "Umeruka ubeti wa tano!"

"Sijaruka! Ni masikio yako yameingia mvua!"

"Nimesikia wa nne, nikasikia wa sita. Na Mungu amesikia pia."

Anko Dani alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akicheka. "Mathe, ukivuta wimbo hivyo tangi litajaa nyimbo. Maji tutaomba kwa Mama Faith."

"Na wewe ukisimama hapo zaidi utaota mizizi. Lete kitambaa."

Kitambaa kilikuwa leso kuukuu iliyokunjwa mara nne na kufungwa kwenye mdomo wa tangi. Paa lioge, kitambaa kishike, moto umalize: hayo ndiyo yalikuwa masharti ya Shosho, na la mwisho ndilo alilolishikilia zaidi. Hata maji yaliyopita kwenye leso hayakufika kinywani mwa mtoto bila kuchemka, na hayakuepuliwa yalipoanza tu kutokota. "Maji ya Molo yanadanganya," alisema. "Yanachemka kabla hayajaiva." Miaka mingi baadaye nilisoma mwenyewe kwamba nyanda za juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kule chini, hivyo inafaa kuyaacha yatokote zaidi. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa peke yangu, na nikasimama.

Kesho yake tulienda kanisani. Kanisa lilikuwa kwenye kilima cha pili, limetazamana na boma letu, kijibonde kikiwa katikati. Nieleze kuhusu mabenchi yake, kwa kuwa bila hayo mengine hayataeleweka. Lilipojengwa, kila familia ilileta benchi lake. Letu lilichongwa na Babu mwenyewe kwa mti wa mwerezi, akaandika kwa patasi kwenye egemeo: FAMILIA YA STEFANO. La kina Mama Faith lilikuwa sambamba na letu. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini hata mgeni aliyechelewa hangekalia benchi la watu kabla ya kukaribishwa. Amosi alizoea kulamba ile herufi ya S. Ilikuwa imelainika.

Sitataja makabila. Wa kwetu wanajua, na wa mbali hawatafaidika. Inatosha niseme kwamba sisi tulikuwa wa upande mmoja na Mama Faith wa upande mwingine, na kwamba kabla ya uchaguzi ule sikuwahi kusikia neno "upande" likitumiwa isipokuwa kwa shamba au kwa mlima.

Matokeo ya kura ya rais yaliposomwa, upande mmoja uliyakataa; siku hiyo Baba alikuwa Nakuru na mzigo wa waru. Barabara ilifungwa kwa miti iliyoangushwa. Simu zilishika kwa muda, halafu zikaisha chaji.

Mama Faith alipita kwenye tundu la ua asubuhi, wakati wa kukamua. Hakusalimia.

"Mama Pita, tokeni. Sasa hivi."

"Ngoja niepue chai."

"Chai iache. Wako hapo chini kwa daraja. Hata vijana wetu wengine siwajui, wametoka mbali." Aliniona nikikunja blanketi, akaninyang'anya. "Usibebe. Mtu aliyebeba anaonekana anahama. Tembea kama unaenda kuteka maji."

Tukatembea hivyo, na mitungi mitupu.

Tulipofika kanisani tuligeuka.

Nyumba yetu ilikuwa inaungua.

Haikuwaka kwa fujo kama nilivyodhani nyumba huwaka. Moshi ulinyooka juu, mweupe, kisha mweusi tangi la plastiki liliposhika. Shosho alilitazama tangi mpaka likalala chini. Nyumba ya Mama Faith ilibaki imesimama kando yake, mabati yakimeta.

Tulikuwa wengi mle kanisani, familia za kilima kizima, na kila siku ziliongezeka. Usiku wa kwanza tuliona mioto mingine upande wa bondeni, na asubuhi majivu yalikuwa yakielea hewani, mepesi, yakitua kwenye nywele, kwenye maziwa ya watoto, na juu ya paa la kanisa. Hakukuwa na mvua ya kuyaosha. Ni miezi ambayo hata Molo hukauka.

Tangi la kanisa likaisha. Mto ulikuwa chini bondeni, na vijana wenye pinde walikaa pale. Nyuma ya kanisa palikuwa na kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na tuliyachuja kwa leso na kuyachemsha.

Kuni zilipopungua tulichoma mabua ya mahindi. Tukachoma uzio wa shamba la kanisa, tukachoma mlango wa choo. Kisha hapakuwa na kitu nje cha kuchoma isipokuwa msitu wenyewe, na msitu ulianza ng'ambo ya malisho, mahali pa wazi, ambapo mtu huonekana kutoka vilima vyote viwili.

Tukaanza kunywa maji ya kidimbwi bila kuyachemsha.

Amosi aliugua.

Naandika dalili zake kama nilivyoziona. Aliharisha maji matupu. Siku ya kwanza alilia, na kilio kilikuwa na machozi. Baadaye kilikuwa kikavu. Macho yaliingia ndani. Mama alimfinya ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, ikachelewa kurudi. Alifinya tena, kana kwamba alitarajia jibu lingine. Nami nilipoachwa naye nilimfinya pia. Yote aliyoyahitaji yalikuwa kikombe cha maji yaliyoiva, kingine baada yake, na kingine. Tulikuwa na sufuria. Tulikuwa na sukari ya chai ya kanisa, na chumvi. Hatukuwa na moto.

Anko Dani alifunga kamba za viatu.

"Nitaingia msituni mara moja nitoke," alisema. Kijana mmoja wa jirani alikubali kuandamana naye.

Shosho alimshika kola ya koti kama anayemwandaa kwenda shule. "Usiende mbali."

"Mathe, mzigo mmoja tu. Nikichelewa, wewe vuta wimbo."

Alivuka malisho akiwa ameinama. Tulimwona akiingia kwenye miti.

Tukangoja.

Yule kijana alitoka peke yake, akikimbia, mkono mmoja ameukumbatia kwa mwingine. Hakuwa na kuni. Mshale ulikuwa bado umechomeka kwenye mkono huo.

"Dani ameanguka," alisema. "Pale pale ukingoni. Ameanguka na hajainuka."

Shosho aliuliza swali moja. "Ulimwona uso?"

"Nilimwona, Shosho."

Akaketi kwenye benchi letu. Hakulia kwa sauti. Alikuwa ameshika upande wa benchi kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye kwenye mkokoteni unaoenda kasi. Hakuna aliyeweza kumfuata Dani malishoni, na tuliotaka kwenda tulizuiwa na yeye mwenyewe. "Hapana mwingine," alisema. Ni hilo tu.

Nami niliketi kando yake mpaka giza likaingia. Sikujua la kufanya kwa mikono yangu. Nikawa naipitisha kwenye herufi za jina la Babu.

Kesho yake, mchana, upepo ulibadilika.

Sijui niielezeje mvua ile bila kuitia chumvi. Haikuwa majira yake. Wingu lilitoka juu ya msitu, mahali lilipotoka ile Jumamosi, kubwa, la rangi ya chuma, na likasimama juu yetu kwa muda mrefu kama linalofikiri. Wanawake walitoka na masufuria. Watoto walitoka na midomo wazi. Tone la kwanza lilipogonga mabati, nilimwona Shosho, aliyekuwa hajala wala kunena tangu jana, akiinuka.

Alifika kwenye bomba la kanisa kabla ya mtu yeyote. Akalichomoa kwenye tangi. Akalikanyaga kwa gambuti, mdomo wake ukitazama chini, na mvua ikaja.

Maji yaliyotoka yalikuwa meusi.

Yalikuwa meusi kabisa, mazito, na yalikuwa na vipande ndani yake. Kila mtu alielewa kwa wakati mmoja alichokuwa anakitazama. Yale yalikuwa majivu yaliyotua juu ya paa siku zote zile: mapaa yetu, vitanda vyetu, mahindi yetu ya ghalani. Nyumba zetu zilikuwa zinashuka kwa bomba, mbele ya macho yetu, na kuingia ardhini.

Kisha kiu ikatukumbusha.

"Shosho, rudisha hilo bomba!" Alikuwa mwenye kinu cha kusaga mahindi, mwanamume mwenye watoto wengi. "Yanamwagika! Watoto wanakufa kiu!"

Shosho aliimba ubeti wa kwanza.

"Huyu mama amechanganyikiwa. Mtoeni!"

"Mguse," alisema Mzee Yohana, mzee wa kanisa, "uone."

Ubeti wa pili.

Mama alitoka mlangoni na Amosi begani, kichwa chake kikining'inia. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, na ilimlazimu kupiga kelele. "Mama! Mpe hata kikombe! Kikombe kimoja tu!"

Shosho alimtazama. Alikuwa amelowa chapachapa, na maji meusi yalikuwa yamemrukia hadi magotini. "Hii ni sumu ya moto na mavi ya ndege," alisema. "Nikimpa hii, nitakuwa nimemuua nikimhurumia. Subiri."

Akaendelea na ubeti wa tatu. Hakuharakisha. Alivuta. Alivuta kila mstari mpaka nilidhani pumzi itamwisha, na hapo ndipo nilipoelewa ni nani alimwomba auvute. Mwenye kinu alipiga hatua mbele. Wanawake watatu, ambao hata siwakumbuki majina, walisogea wakasimama kati yake na bomba, migongo yao kwa Shosho. Mwenye kinu akasimama hapo. Wa nne. Maji yakawa ya kijivu. Wa tano. Yakawa kama ya kuoshea mchele.

Katika ubeti wa tano niliinua macho, na mvua ilikuwa imefunguka kidogo upande wa boma letu.

Niliona nguzo zetu nyeusi. Niliona nyumba iliyosimama kando yake. Na kando ya tangi la nyumba ile palikuwa na mtu mwenye gunia kichwani, amesimama wima, hatikisiki, na bomba la tangi liko chini miguuni pake. Mbali hivyo huwezi kumsikia mtu, wala kuona mdomo. Lakini nilijua alichokuwa anafanya. Nilijua hata maneno. Nilisimama kwenye mvua nikimtazama, na mpaka leo, katika yote niliyoyaona mwaka ule, hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba kwa utulivu: kwamba mauti yalikuwa yamekaa kwenye kile kijibonde katikati yetu, na juu yake wanawake wawili walikuwa wanaosha mapaa yao kwa wimbo mmoja.

Mtu wa gunia aliinama, akarudisha bomba tangini.

Shosho naye alikuwa amemwona. Alikuwa bado kwenye ubeti wa tano. Akakata wimbo kwa muda wa kusema maneno mawili.

"Ameruka ubeti."

Kisha akamaliza wa sita, akaurudia wimbo wote toka mwanzo, ingawa mvua ilikuwa kubwa na mmoja ungetosha. Hakuna aliyemzuia. Maji yalipotoka meupe, akarudisha bomba, na Mzee Yohana akashika leso kwenye mdomo wa tangi kwa mikono yake mwenyewe.

Watu wazima walikunywa yale ya kitambaa. Shosho alijaza sufuria, akaingia nayo kanisani, akaiweka sakafuni mbele ya mimbari.

"Sasa moto," alisema.

"Shosho," alisema Mzee Yohana polepole, "kuni hakuna."

Shosho alipita katikati ya safu, akipapasa maegemeo kwa kiganja. Nilimwona akitazama. Nadhani tuliona wote kwa pamoja, na nadhani tuliona aibu wote kwa pamoja.

Mwenye kinu ndiye aliyetamka. "Kama ni hivyo, tuanze na ya wale. Wametuchomea nyumba." Aliweka mguu juu ya benchi la kina Mama Faith. Wengi waliitikia. Nami moyoni niliitikia, siwezi kuficha. Nilitaka Amosi anywe, na sikujali amechemshiwa na jina la nani.

Shosho alitoa ule mguu kwa mkono wake, kama unavyotoa mguu wa mtoto mezani.

"Maji ya mjukuu wangu hayachemki kwa jina la jirani," alisema, akageukia benchi letu. "Nipe panga."

"Mama Pita, hilo ni la mzee wako. Alilichonga mwenyewe," alisema mwanamke mmoja.

"Najua nani alilichonga. Nilimshikia taa."

Alipiga pigo la kwanza kwenye egemeo. Mwerezi mkavu hupasuka kwa sauti kali, na sauti ile kanisani ilikuwa kama bunduki, watu waliinama. Alipiga tena. Mzee Yohana akampokea panga, kwa kuwa machozi yalimzuia Shosho kuona, na mzee huyo akaendelea kupasua, akiomba radhi kwa kila kipande, sijui kwa Babu au kwa Mungu. Moto ulishika upesi. Harufu ya mwerezi ilijaa kanisa, tamu, kama kabati la nguo safi. Maji yakaanza kutokota na Mama akanyoosha mkono kuepua.

"Acha yadanganye kwanza," alisema Shosho. "Yataiva."

Tukakaa tukiyatazama. Watu wazima, wenye mashamba na vyeti vya sekondari na watoto waliopotea, wote tumeizunguka sufuria moja tukitazama maji yakichemka, kama hatujawahi kuona kitu kama hicho. Na kweli hatukuwahi.

Tuliyapooza kwa kumimina kutoka kikombe hadi kikombe. Mama akatia sukari na chumvi kidogo. Amosi alitapika kijiko cha kwanza. Cha pili kilikaa. Tulimpa kijiko baada ya kijiko, tukipokezana, Mama, mimi na Shosho, huku herufi za FAMILIA zikiingia motoni moja moja.

Asubuhi nilikuwa nimempakata, na nikahisi joto likienea kwenye sketi yangu. Amenikojolea. Nilipiga ukelele, watu wakadhani amekufa. "Amekojoa!" nikasema. "Amekojoa!" Mzee Yohana alivua kofia.

Malori ya polisi yalikuja baadaye na kututoa. Ndipo walipovuka malisho na kumchukua Anko Dani. Alikuwa ameanguka kifudifudi juu ya mzigo wake. Alikuwa ameshaukusanya na kuufunga kwa kamba. Alikuwa anarudi.

Tulimzika Nakuru, kwenye makaburi ya mji, kwa sababu nyumbani hapakuwa nyumbani tena. Baba alitupangia chumba Rhonda, mtaa wa papo hapo Nakuru, na Rhonda ndipo tulipobaki. Sikurudi shule. Ninayoyajua niliyasoma mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia nyama na baadaye kwenye simu, na nilianza na maji. Huku maji ya visima vya mashine huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, kwa hiyo wenye mabati huteka ya mvua, na karibu wote huyateka tangu tone la kwanza. Nimegombana na majirani wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga kwa sababu hiyo. Nimejifunza kufunga gata, kufunga kipande cha bomba kinachoyashika maji machafu ya mwanzo, kusugua tangi. Na bado, nikiwa na vyote hivyo, mvua ikianza natoka na kuimba, kwa kuwa siamini bomba lolote kama ninavyoamini beti sita.

Shosho alifia Rhonda. Hakurudi Molo hata siku moja, wala hakuonana tena na Mama Faith. Alipoulizwa alisema miguu inamuuma.

Amosi sasa ni mrefu kuliko Anko Dani alivyowahi kuwa. Hakumbuki chochote. "Sista," huniambia nikichemsha maji, "hayo yameiva. Yameiva mara mbili. Yatakuwa supu." Alikuwa anajua anko wake alikufa kwenye vurugu. Hakujua alikuwa ameenda kutafuta nini, wala kwa ajili ya nani, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nahariri habari hiyo kila alipouliza. Niliogopa aone kwamba yeye ndiye deni.

Mwaka huu nilimpeleka. Kanisa lina rangi mpya. Mama Faith, mzee sana, alitufungulia mlango. Ndiye anayetunza ufunguo. Alimshika Amosi uso kwa mikono miwili, akamtazama, kisha akatuacha tuingie.

Benchi la kwao liko palepale, egemeo halijaguswa. Kando yake pana pengo. Safu nzima imejaa mabenchi mapya, ya mbao za kiwandani, isipokuwa pale.

"Kila mara wanataka kuweka lingine," alisema Mama Faith kutoka mlangoni. "Nawaambia, hapo pana wenyewe."

Amosi alikaa sakafuni, kwenye pengo. Nami nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa. Nilipomaliza alipiga ngumi taratibu kwenye benchi la jirani. Lilitoa sauti nzito, ya mti uliokomaa.

"Kwa hivyo mabenchi haya yalikuwa humu," alisema. "Wakati Anko anaenda."

"Yalikuwa humu."

"Yote?"

"Yote. Tulikuwa tumeyakalia."

Nimepima jambo hili kwa miaka mingi, na mizani haitulii. Hatukuwa wajinga. Uzio tuliuona ni kuni, mlango wa choo tukauona ni kuni, lakini benchi lilikuwa benchi, mpaka Shosho alipoketi juu yake usiku mzima bila mtoto wake. Ilibidi Dani afe ili mwerezi uwe kuni. Upande mmoja yeye, na mzigo wake uliofungwa vizuri. Upande wa pili kijana huyu aliyekaa sakafuni, mwenye meno meupe.

Amosi alisogea kidogo upande wa ukuta, kama mtu anayempisha mwingine akae.